Barua ya Wazi kwa Watunzi wa Tamthilia: Msituuzie Daktari kwa Tabasamu Lake

Kwa watunzi, waongozaji na watayarishaji wa tamthilia za televisheni Tanzania.

Nakala: Bodi ya Filamu Tanzania, Baraza la Madaktari Tanganyika.



Nawaandikia nikiwa Kwamsisi, hapa Korogwe mjini. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga hadi kustaafu, na sasa jioni zangu nyingi zinaishia mbele ya televisheni pamoja na majirani. Kazi zenu tunazipenda. Tunazibishania kwenye foleni ya maji, tunawapa watoto majina ya wahusika wenu, na king'amuzi kikiisha kifurushi katikati ya wiki tunachangishana. Kwa hiyo msinisome kama mtu aliyekuja kubomoa.

Ombi langu ni moja. Tuandikieni tamthilia ya hospitali, na katikati yake mumweke daktari kijana mwenye haiba na mwenye kasoro. Mpeni ucheshi, mpeni mapenzi, mpeni udhaifu wa kibinadamu. Ila kila kasoro yake ionekane inalipwa na nani. Mgonjwa akiumia kwa uzembe wake, kamera ibaki kwa mgonjwa. Tabasamu lisitumike kufuta deni.

Mnamfahamu daktari wa filamu zetu, maana ninyi ndio mliomzaa. Anatoka chumbani na koti jeupe lililopigwa pasi, stetoskopu shingoni, ndugu wa mgonjwa wanamzunguka. Anavua miwani, anasema wamejitahidi kwa uwezo wao wote, kilio kinapigwa, naye hatumwoni tena. Au anafungua faili, anacheka kidogo na kumpongeza bwana kwamba mkewe ni mjamzito. Au anapokea bahasha chini ya meza ili abadilishe majibu ya kipimo, mtoto aonekane si wa baba yake. Huyo wa kwanza ni mtoa taarifa za msiba, wa pili mtoa habari njema, wa tatu mhalifu. Hakuna hata mmoja tunayejua alilala saa ngapi, anadaiwa na nani, au alijisikiaje baada ya kukosea dozi. Hajapewa nafasi ya kuwa mtu.

Wenzenu wa nchi nyingine walishaliona hilo zamani. Tamthilia ya ER ilianza kuonyeshwa na NBC ya Marekani Septemba 1994, ikadumu misimu 15 hadi mwaka 2009. Aliyeibuni, Michael Crichton, alihitimu udaktari Harvard, na miongoni mwa waandishi wake walikuwamo watu wa taaluma hiyo, Neal Baer na Lance Gentile. Waliijua hospitali kwa ndani. Ndiyo maana walimweza Doug Ross, daktari wa watoto aliyeigizwa na George Clooney: mtanashati, mcheshi, anayependwa na kila mtoto aliyelazwa, lakini mlevi, mhuni kwa wanawake, na mkaidi wa taratibu.

Nataka tumtazame Doug kwa makini kwa sababu ndani yake kuna somo na kuna mtego. Katika sehemu moja iliyorushwa mwaka 1995, uongozi wa hospitali umeshamchoka na kazi yake inaelekea ukingoni. Usiku wa mvua kubwa anamkuta mtoto amenasa kwenye kalavati linalojaa maji. Anahangaika naye mpaka anamtoa, na kamera za helikopta ya habari zinamwona. Mara moja anageuka shujaa wa mji, na kibarua chake kinapona. Yale yote aliyolalamikiwa yanawekwa kando. Funika kombe, mwanaharamu apite.

Lakini waandishi hawakuishia hapo, na ndiyo heshima yao. Mwanzoni mwa mwaka 1999 Doug yule yule, kwa huruma yake na kwa kiburi chake cha kuamini kwamba taratibu ni za watu wengine, anampa mama wa mtoto mwenye ugonjwa usiotibika namba ya kufungulia mashine inayodhibiti dozi ya dawa ya maumivu. Mtoto anakufa. Doug anaacha kazi na kuhama mji. Anayebaki nyuma ni nesi Carol Hathaway, mpenzi wake, na kliniki ndogo aliyoihangaikia kwa ajili ya wasio na uwezo inaingia matatani. Daktari mwenye haiba kaondoka na begi lake. Muuguzi kabaki na maswali ya wakubwa.

Somo ni kwamba kosa dogo lililosamehewa kwa sababu ya sura nzuri hukua likawa kubwa. Mtego ni kwamba watazamaji wengi walimlilia Doug anayeondoka kuliko yale yaliyoachwa na matendo yake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na mtunzi akiupaka mkakasi rangi kupita kiasi, hata yeye mwenyewe anasahau kuufungua.

Sasa mtazameni mwenzake, John Carter, aliyeigizwa na Noah Wyle. Carter alianza akiwa mwanafunzi, mtoto wa tajiri mwenye adabu na aibu. Mwaka 2000 anachomwa kisu na mgonjwa wa akili, na mwanafunzi aliyekuwa chini yake, Lucy Knight, anafariki katika tukio hilo. Carter anapona mgongo lakini anabaki na dawa za maumivu, na dawa zinakuwa uraibu. Anaanza kukosea na kuficha. Kilichofuata ndicho ninachotaka mkitazame mara mbili: wenzake wanamweka kitako chumbani na kumwambia tumekuona. Ama uende kwenye matibabu, ama huna kazi hapa. Anakasirika, anatoka nje. Peter Benton, daktari bingwa wa upasuaji aliyemfundisha, mtu mkavu asiye na maneno matamu, anamfuata nje na kupanda naye ndege hadi kwenye kituo cha kutibu uraibu Atlanta.

Hapo hakuna aliyefunika kombe, na hakuna aliyemtupa mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na safari hii aliyekuwa anaficha maradhi ni tabibu mwenyewe. Robo karne baadaye, mwaka 2025, Noah Wyle alirudi kwenye tamthilia nyingine ya hospitali, The Pitt, ambayo mwaka huo huo ilipata tuzo ya Emmy ya tamthilia bora. Safari hii yeye ndiye mkubwa wa idara ya dharura. Kijana wake anayemwamini kuliko wote, Dokta Langdon, mchangamfu na hodari, anagundulika kuwa anachepusha dawa za wagonjwa kwa matumizi yake. Anayemgundua ni Trinity Santos, daktari anayeanza mafunzo, siku yake ya kwanza kazini. Wa chini kabisa kwenye ngazi ndiye aliyeuliza kwa nini vidonge havitimii. Na mkubwa, ijapokuwa anaumia, anamtoa Langdon kazini siku hiyo hiyo.

Mtasema hayo ni ya Marekani. Basi niwape ya kwetu, na hospitali siitaji.

Tulikuwa na daktari mtarajali aliyependwa na wodi nzima. Bibi zetu aliwajua kwa majina ya wajukuu wao. Mtoto hakulia akichomwa sindano na yeye. Asubuhi alikuja na chapati za wauguzi. Usiku mmoja mama aliyejifungua salama alianza kutoka damu. Muuguzi wa zamu alifanya yote yaliyo kwenye mamlaka yake: akampa oksitosini, akasugua tumbo la uzazi, akafungua mishipa miwili ya dripu, akatuma sampuli maabara ili damu itafutwe. Akampigia daktari wa zamu saa saba na dakika kumi. Simu iliita. Akapiga tena, ikaita. Daktari alifika saa nane na nusu, anahema, anaomba radhi kwa ule ucheshi wake, na kusema kweli mikono yake ilifanya kazi nzuri. Mama akapona.

Asubuhi faili lilikuwa mezani. Kwenye safu ya muda, muuguzi alikuwa ameandika saa ya kupiga simu na saa ya daktari kufika, zote mbili, kwa wino wa bluu. Aliombwa kwa upole aandike ukurasa upya. Kijana ana maisha mbele yake, mgonjwa kapona, ya nini kuharibiana? Alikataa. Mwezi haukuisha akahamishiwa wodi nyingine, na kuanzia hapo akawa anaitwa mkorofi. Mume wa yule mama alirudi wiki iliyofuata na kuku wawili wa shukrani. Akawakabidhi kwa daktari.

Yule mume hakuwa mjinga. Alimshukuru aliyemwona. Hakuna aliyemwambia kuhusu ile saa moja na dakika ishirini, na wala hakujua kwamba ana haki ya kuuliza. Angejulia wapi? Shuleni hatufundishwi kuwa wagonjwa. Tunajifunza kwa kuangalia wengine, na katika kizazi hiki wengine hao tunawaona kwenye televisheni. Nina ndugu katika Kwamsisi nyingine, ile kata ya Handeni. Kijijini kwao zahanati inaongozwa na tabibu, na daktari wa shahada ni mtu wa kufuatwa mjini, kwa nauli na rufaa. Watu wa huko daktari wa kwenye skrini wanamwona usiku baada ya usiku. Daktari wa kweli wanamwona siku mambo yakiharibika. Siku hiyo wanaingia chumbani na tabia walizojifunza kwenu: kunyamaza, kuitikia, kusema asante dokta.

Kwa hiyo msiniambie kwamba tamthilia ni burudani tu. Nchi hii ina ushahidi wa kinyume chake. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio uliomleta Mkwaju, dereva wa lori, mwanamume wa maneno mengi na wanawake wengi kila kituo, na mkewe Tunu aliyevumilia hadi akachoka. Kwa miaka miwili ya mwanzo eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, ili watafiti waweze kulinganisha. Utafiti wa Everett Rogers na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba mchezo ule uliongeza matumizi ya uzazi wa mpango kwa waliousikiliza. Mkwaju alichekesha, alivutia, na matendo yake yalimfika. Waandishi hawakumwonea aibu wala hawakumwokoa. Mwaka 2012 ikaja Siri ya Mtungi kwenye televisheni, na Cheche wake, mpiga picha wa Bagamoyo anayependeza na asiyetulia. Tunaujua ufundi huu. Tumeshautumia kwa dereva na kwa mpiga picha. Bado kwa daktari.

Wapo watakaowaambia kwamba kumwonyesha daktari akikosea ni kuivunjia taaluma heshima. Nimeishi ndani ya taaluma hiyo, na najibu kwamba heshima ya udaktari inavunjwa na faili lililoandikwa upya. Baraza la Madaktari Tanganyika lipo, na miongoni mwa kazi zake ni kupokea na kusikiliza malalamiko dhidi ya wanataaluma. Wangapi kati ya watazamaji wenu wanalijua? Sehemu moja tu ya tamthilia, mama mmoja akiandika barua yake na kuipeleka, ingefanya kazi ambayo mabango ya ukutani hayajaiweza. Na daktari mwema angefaidika wa kwanza, kwa sababu mgonjwa anayejua njia ya kulalamika hana haja ya kuja wodini na panga au kurusha matusi mitandaoni.

Wengine watasema hadithi za hospitali zetu ni za huzuni tupu, haziuziki. Hao hawajui kilichotokea hapa. Jaribio kubwa la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S, kati ya mwaka 2009 na 2014, lilifanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, likiwa na watoto zaidi ya 15,000. Vituo viwili vilikuwa Tanzania: Bagamoyo na Korogwe hii. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto, chanjo ya kwanza ya malaria kufikia hatua hiyo. Akina mama wa wilaya hii walibeba watoto wao wakawapeleka kuchanjwa, kutolewa damu na kupimwa, mwezi baada ya mwezi, wakiwaamini vijana wenye makoti meupe. Kuna tamthilia gani kubwa kuliko hiyo? Wekeni humo kijana wenu mwenye haiba, anayependwa na akina mama, ambaye jioni moja anashawishika kujaza takwimu ya mtoto ambaye hakumtembelea. Hapo hakuna damu wala ving'ora, na roho inakwenda mbio.

Au chukueni mfumo wa m-mama. Mjamzito anazidiwa kijijini, simu inapigwa 115 bila malipo, anatafutwa dereva wa jamii mwenye gari au bajaji, na hospitali inaarifiwa kabla mgonjwa hajafika. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya zinasema vifo vya akina mama vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, vikashuka hadi 104 katika utafiti wa 2022. Nyuma ya namba hizo kuna madereva walioamka usiku, wakunga, wataalamu wa maabara, na madaktari vijana ambao baadhi walikuwa hodari, baadhi wavivu, na wengi walikuwa yote mawili kwa nyakati tofauti.

Tusipoziandika sisi hadithi hizi, wataziandika wengine. Miaka ya 1966 hadi 1969 Wamarekani walikuwa na tamthilia iliyoitwa kabisa Daktari, habari za daktari wa wanyama Afrika Mashariki, na sehemu kubwa waliipigia California. Mwaka 2003 ER iliwapeleka madaktari wake Kisangani, Kongo, mji ambao Kiswahili kinazungumzwa, na mandhari ya Kongo ikapigwa Hawaii. Hadithi zilikwenda vizuri, lakini Mwafrika aliyekuwa kitandani alikuwa anasubiri kuokolewa na mgeni. Waturuki hawakukubali kubaki watazamaji: waliichukua Grey's Anatomy wakaifanya yao kwa jina la Doktorlar mwaka 2006, kisha mwaka 2019 wakaichukua The Good Doctor, ambayo chimbuko lake ni Korea Kusini. Afrika Kusini walianza kurusha Durban Gen yao mwaka 2020. Sisi wenye lugha ya mamilioni tunangoja nini?

Ili ombi langu hilo litimie, naomba yafuatayo.

Kwanza, kaeni wodini kabla ya kuandika. Ombeni kibali, kaeni zamu ya usiku, zungumzeni na mganga mfawidhi na mhudumu anayepiga deki. Mwajirini muuguzi mmoja mstaafu na daktari mmoja awasomee miswada. Mtajifunza fomu ya polisi ya PF3 ina maana gani kwa aliyepigwa, na kwamba dirisha la dawa lina visa vingi kuliko chumba cha upasuaji.

Pili, kasoro za kijana wenu ziwe na mzizi. Mtarajali wa Tanzania ametoka kusoma miaka mitano, anadaiwa na Bodi ya Mikopo, kijijini kwao wanaamini ameshatajirika na simu za ada za wadogo zake haziishi, na usiku mmoja anaachiwa wodi ambayo ingetosha kuwashughulisha watatu. Tuonyesheni hayo ili tumwelewe. Kumwelewa ni jambo moja, kumwachia ni jambo lingine, na mtunzi mzuri anaweza kutupa la kwanza bila kutulazimisha la pili.

Tatu, mpeni muuguzi jina, nyumba na msimamo. Asiwe mtu wa kushika trei na kupendwa na daktari. Yeye ndiye anayekaa na mgonjwa saa zote, na mara nyingi ndiye anayelipia kosa la mwenzake.

Nne, mgonjwa aulize. Hata swali moja kwa kila sehemu: hii dawa ni ya nini? Nimesubiri kwa sababu gani? Nani alinihudumia usiku? Na daktari ajibu bila kukunja uso. Mkifanya hivyo msimu mzima, sisi huku tutaiga. Tulishaiga nguo zenu, misemo yenu na nyimbo zenu.

Kwa Bodi ya Filamu, ombi langu ni fupi: tamthilia kama hiyo ikifika mezani kwenu, ipimeni kwa ukweli wake, msiikatae kwa kuwa imemwonyesha mtumishi wa afya akikosea. Kwa Baraza la Madaktari: watunzi wakibisha hodi, wafungulieni. Kwenu madaktari watarajali mtakaoisoma barua hii, haiba mliyopewa ni mali ya mgonjwa pia. Inamtoa hofu, inamfanya aseme maradhi yake. Itumieni kwa kazi hiyo, na saa mliyofika iandikwe kama ilivyo.

Kijana huyo mwandikeni, ndugu zangu. Tutampenda, msiwe na wasiwasi. Lakini akikosea, mtuache tukasirike, na muuguzi aliyeandika saa ya kweli asihamishwe wodi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Kwamsisi, Korogwe.